Bendera Yetu na Yoti za Matajiri

Msomaji wetu wa Kariakoo, Gerezani au Upanga aweza kushangaa akiona ukurasa huu leo wazungumza habari za yoti, yaani zile mashua za anasa ambazo thamani ya moja yaweza kupita thamani ya nyumba za mtaa mzima. Atauliza, na ana haki ya kuuliza: hayo ni mambo ya matajiri wa ng'ambo, mfanyakazi yamhusu nini? Yamhusu sana. Chombo kielealo baharini hakina uraia ila ule wa bendera iliyotwekwa juu yake, na bendera ni mali ya taifa, si mali ya waziri wala ya karani wa ofisi ya usajili. Kwa miaka kadhaa bendera ya Jamhuri ya Muungano ilitwekwa juu ya vyombo ambavyo hakuna mkaguzi wetu aliyevitia machoni, na mavuno ya jambo hilo tumeyaona. Sasa mazungumzo ni ya uchumi wa buluu, ya watalii wenye fedha na ya bandari za kupokelea yoti. Ni mazungumzo mema. Lakini kabla hatujaandaa gati, yafaa tujue biashara hii ya anasa inavyokwenda kisheria, maana mna milango miwili ndani yake ambayo wakubwa huipitia huku wadogo wakisimamishwa langoni.

Wala hatusemi kwamba anasa ya baharini ni kitu kigeni katika pwani hii. Sultani Barghash alijiundishia Uingereza mwaka wa 1878 chombo chake kikubwa, Glasgow, kwa mfano wa manowari ya Waingereza iliyompendeza. Miaka 18 baadaye, tarehe 27 Agosti 1896, Waingereza hao hao walikizamisha katika bandari ya Unguja, katika vita visivyotimiza saa moja. Milingoti yake ilibaki imechomoza juu ya maji hadi mwaka wa 1912, watu wa mjini wakiitazama kila siku. Hatujapata kusoma mahali popote kwamba mchuma karafuu aliulizwa kama apenda jasho lake ligeuzwe kuwa chombo cha namna ile.

Turudi kwenye milango yetu. Mlango wa kwanza ni neno moja tu: starehe.

Mkataba wa dunia juu ya usalama wa maisha baharini, ule wa mwaka 1974 ujulikanao kwa jina la SOLAS, hufunga meli ziendazo safari za nchi na nchi. Lakini yoti ya starehe isiyofanya biashara imeachwa nje. Tena mkataba huo wasema kwamba meli huitwa meli ya abiria pale inapochukua abiria zaidi ya 12. Basi mafundi wa Ulaya wakaunda vyombo vya mita 40, vya mita 60, hata vya mita 100, vyenye vitanda vya wageni 12 tu. Mtu asiyejua hudhani tajiri yule apenda faragha. La, hesabu hiyo si ya faragha, ni ya sheria. Mgeni wa 13 akipanda kwa safari ya kulipiwa, chombo chageuka kuwa meli ya abiria, na masharti yote ya meli ya abiria huanza kukidai: milango ya kuzuia maji, mashua za kuokolea, idadi ya mabaharia, na mengineyo mengi yenye gharama.

Si kweli kwamba yoti hazina sheria kabisa. Mwaka wa 1997 Waingereza walitunga kanuni maalum za yoti kubwa zinazokodishwa, zenye urefu wa mita 24 na zaidi, na tangu mwaka 2019 kanuni hizo na za makoloni yao ya visiwani zimewekwa katika kitabu kimoja. Vyeti hutolewa, wakaguzi hupanda. Hata hivyo, tarehe 19 Agosti 2024, yoti ya tanga yenye bendera ya Uingereza, Bayesian, ilizama karibu na Porticello katika kisiwa cha Sicily. Ndani mlikuwa na wageni 12 na mabaharia 10. Walikufa watu 7, na mmoja wao alikuwa mpishi wa chombo. Taarifa ya awali ya wachunguzi wa Kiingereza, iliyotoka Mei 2025, ilieleza kwamba chombo kile kikienda kwa injini, matanga yakiwa yameshushwa, upepo wa maili za bahari 63 na kitu kwa saa ukikipiga ubavuni ungeweza kukipindua. Na habari hiyo haikuwamo katika kitabu cha uthabiti walichokuwa nacho mabaharia. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyokuwa chini ya wakaguzi wenye shule ya karne nyingi, msomaji na apime mwenyewe hali ya chombo chenye bendera ya nchi ambayo mkaguzi wake hajakiona hata kwenye picha.

Twende kwa mfanyakazi. Mwaka 2006, mjini Geneva, ulipitishwa Mkataba wa Kazi za Baharini, ukaanza kutumika tarehe 20 Agosti 2013. Tanzania iliuridhia mwaka 2019. Ni mkataba mwema, na wafanyakazi wa bandari wanaoujua huusifu kwa haki. Wamtaka mwenye meli aandike mapatano ya kazi, alipe mshahara kila mwezi, aweke saa za kupumzika, na amrudishe baharia kwao mkataba ukiisha. Tangu mwaka 2017 mwenye meli hutakiwa pia kuwa na dhamana ya fedha, ili baharia aliyetelekezwa miezi miwili bila mshahara asife njaa katika bandari ya ugenini. Lakini soma ni nani walioachwa nje. Vimeachwa vyombo visivyofanya biashara, na humo zimo yoti za binafsi. Vimeachwa vyombo vya uvuvi. Tena vimeachwa vyombo vya kienyeji, na mkataba wataja kwa jina: majahazi.

Basi mpishi wa yoti ya bilionea na baharia wa jahazi lipakialo mbao na chumvi wamekutana mahali pamoja, nje ya mlango wa sheria moja. Mmoja yuko nje kwa sababu bwana wake amejiita mtembezi; wa pili yuko nje kwa sababu chombo chake chadhaniwa kuwa cha kale mno kuandikiwa masharti. Tofauti yao ni kwamba bwana wa yule wa kwanza ana mawakili.

Kuna mahali pengine ambapo wakubwa na wadogo hawa huwekwa pamoja, napo panachekesha. Karani wa forodha akifungua kitabu cha ushuru kitumiwacho duniani pote, katika sura ya 89, fungu la 8903, atakuta yoti na vyombo vingine vya starehe au vya michezo, na katika fungu hilo hilo atakuta mashua za makasia na mitumbwi. Mvuvi wa Kunduchi hupata kukaa daraja moja na tajiri wa Monaco mara moja tu maishani mwake, nayo ni mbele ya karani wa ushuru.

Katika kodi, kwa bahati mbaya, ujirani huo hauendi mbali. Huko Malta kodi ya ongezeko la thamani ilikuwa 18 kwa mia, sawasawa na ile aliyokuwa akiijua mfanyabiashara wa Kariakoo. Lakini yoti iliyochukuliwa kwa mkataba wa kukodi wa kampuni ya Malta haikutozwa kodi hiyo nzima. Ilikisiwa kwanza chombo kitakaa muda gani ndani ya maji ya Umoja wa Ulaya, na makisio yenyewe yalifuata urefu wa chombo. Yoti ya zaidi ya mita 24 ilihesabiwa kuwa ndani ya maji hayo kwa 30 tu kwa mia ya muda wake, kwa hiyo kodi yake ikashuka hadi 5.4 kwa mia. Maana yake, kadiri chombo kilivyozidi kuwa kikubwa ndivyo kodi ilivyozidi kuwa ndogo! Machi 2018 Umoja wa Ulaya ulianza kuichukulia Malta hatua, pamoja na Cyprus na Ugiriki. Miaka mitano baadaye, Mei 2023, na tena Juni 2024, wenye maduka wa Kariakoo walifunga milango yao kwa malalamiko ya kodi na namna inavyodaiwa. Hatusemi kwamba kila neno walilolisema siku zile lilikuwa la haki. Twasema tu kwamba hakuna mtu aliyepata kuwaambia kuwa duka likiwa pana zaidi kodi itapungua.

Mlango wa pili ni bendera yenyewe, nao ndio ulioingia mpaka nyumbani kwetu.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya Sheria ya Bahari, wa mwaka 1982, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985, wasema katika ibara ya 91 kwamba kila dola itaweka masharti yake ya kusajili vyombo, na kwamba sharti pawe na uhusiano wa kweli baina ya dola na chombo. Ibara ya 94 yaongeza kwamba dola itakisimamia chombo hicho katika mambo ya utawala, ya ufundi na ya hali za watu wake. Maneno mazuri. Ila hakuna aliyeandika uhusiano wa kweli ni nini. Mwaka 1986 mataifa yalitunga mkataba mwingine ili kulieleza jambo hilo, na mpaka leo mkataba huo haujapata nchi za kutosha kuuridhia ili uanze kutumika. Ndiyo maana yoti ya mtu wa Marekani, iliyoundwa Uholanzi, ikaaye kiangazi chote Ufaransa, huandikwa nyuma jina la George Town, katika visiwa vya Cayman, ambako huenda haijafika kamwe. Visiwa vya Marshall hufanya biashara hiyo hiyo, na Malta kadhalika. Mwenye yoti huwa kampuni, kampuni huwa na kampuni nyingine juu yake, na ukipanda ngazi hiyo mpaka mwisho wakuta sanduku la posta.

Wasomaji wetu wasidhani kwamba hila hii ilizaliwa juzi huko Ulaya. Imepita hapa kwetu, juu ya maji haya haya, zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Mwaka wa 1873 Sultani wa Unguja alilazimishwa na Waingereza kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa bahari. Manowari za Kiingereza zikawa zasimamisha majahazi na kuyapekua. Lakini Ufaransa haikukubali vyombo vyenye bendera yake vipekuliwe na Mwingereza. Manahodha wa Sur, katika nchi ya Oman, waliokuwa wakishuka na kaskazi kila mwaka mpaka Unguja na kusini zaidi, wakaiona faida. Wakaenda kwa makonsuli wa Kifaransa, wakapewa hati na bendera. Nahodha Mwarabu, baharia Mwarabu, jahazi la Sur, na juu ya tezi yapepea rangi tatu za Paris. Manowari ikitokea, hati yatolewa sandukuni, na Mwingereza aondoka na hasira zake. Si kila jahazi lenye bendera ile lilichukua watumwa, hilo tulikiri. Wengi walichukua tende na boriti. Lakini wale waliochukua watumwa walikuwa na kinga, na kinga hiyo ilikuwa kipande cha kitambaa na karatasi yenye muhuri.

Shauri hilo lilifika mbele ya Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi, mjini The Hague, na hukumu ikatolewa tarehe 8 Agosti 1905. Waamuzi walisema mambo mawili ambayo mwanasheria yeyote wa yoti leo huyafahamu. La kwanza, kila dola huru ina haki ya kuamua ni nani atakayetweka bendera yake na kwa masharti gani. La pili, haki hiyo yaweza kubanwa na mkataba ambao dola imeutia sahihi: na kwa kuwa Ufaransa ilikuwa imeingia katika mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 juu ya biashara ya watumwa, basi tangu tarehe 2 Januari 1892 haikuwa na ruhusa tena ya kuwapa raia wa Sultani wa Maskati bendera, ila wale tu walioweza kuthibitisha kwamba walikuwa chini ya ulinzi wake kabla ya mwaka 1863. Twawaomba wasomaji waishike hukumu hiyo. Yasema kwamba anayetoa bendera ana haki, na haki hiyo ina deni.

Sasa tuje kwetu. Jamhuri ya Muungano ina bendera moja mbele ya mataifa, lakini ina madaftari mawili ya meli. Bara, daftari lilikuwa chini ya SUMATRA, na kwa sheria ya mwaka 2017 likawa chini ya TASAC. Zanzibar, kwa Sheria ya Usafiri wa Baharini ya mwaka 2006 na kwa Mamlaka iliyoundwa mwaka 2009, ndiko vilikosajiliwa vyombo vya kigeni viendavyo bahari za mbali. Kazi hiyo ilifanywa kwa njia ya wakala aliyekuwa Dubai. Juni 2012 mbunge wa Marekani, Howard Berman, alimwandikia Rais Jakaya Kikwete kwamba meli za mafuta za Iran, zikikimbia vikwazo, zimetweka bendera ya Tanzania. Kwanza ilisemwa kwamba hakuna. Kisha, Agosti mwaka huo, ikatangazwa kwamba meli 36 zilikuwamo daftarini. Usajili wao ukafutwa na mapatano na wakala yakavunjwa.

Msomaji na aitazame kalenda ya mwaka ule. Barua ya yule Mmarekani iliandikwa Juni, na tangazo la kufuta lilitoka Agosti. Kati yake, tarehe 18 Julai 2012, meli ya MV Skagit iliondoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Unguja, ikazama karibu na Chumbe. Skagit ilikuwa imefanya kazi ya kuvusha abiria katika maji yaliyokingwa ya Puget Sound, huko Marekani, kabla ya kuletwa katika mkondo wetu wenye kusi kali. Mwaka haukuwa umetimia tangu MV Spice Islander ilipozama karibu na Nungwi, tarehe 10 Septemba 2011, ikiwa imepakia watu kupita kiasi. Waliokufa katika meli hizo mbili si watalii wa yoti. Walikuwa wachuuzi waliotoka Kariakoo na mizigo yao, wanafunzi, na akina mama waliokuwa wakirudi Pemba baada ya Idi. Wakati huo huo daftari lilikuwa na nafasi ya kupokea meli za mafuta kutoka Ghuba ya Uajemi. Hatudai kwamba jambo moja lilisababisha la pili. Twauliza tu, kwa upole, mkaguzi wa meli alikuwa wapi, na alikuwa akitazama karatasi zipi.

Wala mambo hayakuishia hapo. Tarehe 23 Aprili 2015 Waingereza walikamata chombo Hamal katika Bahari ya Kaskazini, mashariki ya Aberdeen, kikiwa na zaidi ya tani 3 za kokeini. Mabaharia walikuwa Waturuki, mzigo ulikuwa wa Amerika ya Kusini, bendera ilikuwa yetu. Kwa sheria, Waingereza hawakuweza kupanda tu juu ya chombo kile katika bahari kuu. Iliwapasa wapate ruhusa ya dola yenye bendera. Basi fikiri: usiku wa baridi kali huko Uskoti, manowari imekikaribia chombo, na neno la kukipekua lazima litoke ufukweni mwa Uswahilini! Nahodha alihukumiwa kifungo cha miaka 22. Desemba 2017 meli Kaluba ilishikwa na madawa karibu na Jamhuri ya Dominika, na mwanzoni mwa Januari 2018 Wagiriki wakaikamata Andromeda ikiwa na vifaa vya kutengenezea baruti, njiani kwenda Libya. Ndipo Rais John Magufuli alipoamuru usajili wa meli za kigeni usimamishwe na vyombo 470 vilivyokuwa na bendera yetu vichunguzwe. Shirikisho la dunia la vyama vya wafanyakazi wa uchukuzi, ITF, ambalo limepigana na bendera za kukodi tangu mwaka 1948, limeandika jina la Tanzania na Zanzibar katika orodha yake ya bendera hizo. Kwa chama cha wafanyakazi hiyo si sifa.

Mtu atasema: hizo zilikuwa meli za mafuta na za mizigo, yoti ni jambo jingine, mwenye yoti ni mstaarabu atakaye kuoga na kupumzika. Tumsikilize, kisha tumwonyeshe kisiwa cha Antigua. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoanza na matajiri wa Urusi wakawekewa vikwazo, yoti iitwayo Alfa Nero, yenye urefu wa mita zaidi ya 80, iliachwa katika bandari ya Falmouth ya kisiwa hicho. Mwenyewe alikuwa nani? Marekani ilimtaja mtu, naye akakana. Wakati hayo yakibishaniwa, chombo kilihitaji mafuta ya mtambo wa umeme na walinzi, kisije kikazama ndani ya bandari au kikaviangukia vyombo vya wengine siku ya tufani. Fedha zilitoka katika hazina ya nchi ndogo yenye watu wasiofika hata wale wa wilaya moja ya Dar es Salaam. Bunge lao likalazimika kubadili sheria ya bandari Machi 2023 ili wapate kuiuza. Katika mnada wa kwanza mnunuzi wa dola milioni 67 na zaidi alijitoa akiogopa mashauri, na mwishowe iliuzwa kwa milioni 40 Julai 2024. Hiyo ndiyo gharama ya kumpokea mgeni bila kumwuliza jina.

Hivyo basi, tukae wapi sisi? Jioni za Jumapili watu wa Upanga hupanda Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022, wakatazama meli zilizotia nanga zikingoja zamu ya kuingia bandarini. Ng'ambo ya rasi, katika ghuba ya Msasani, zafungwa mashua za starehe, na mbele yake vipo visiwa vya Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini, ambavyo ni hifadhi tangu mwaka 1975. Mafia ilifanywa hifadhi kubwa ya bahari mwaka 1995. Mvuvi wa hapa ajua vizuri sana maana ya hifadhi, maana doria imepata kumnyang'anya wavu. Nanga ya tani moja ikiburuzwa juu ya matumbawe haina huruma kuliko wavu wa kukokota, na mwenye nanga hiyo apaswa kukuta doria ile ile, yenye sura ile ile.

Kadhalika yafaa neno starehe lipimwe kwa vitendo na si kwa fomu. Hutokea katika bandari nyingi za dunia kwamba yoti huingia kwa ruhusa ya muda, bila kulipa ushuru, kwa kuwa mwenyewe asema ni ya matembezi yake. Kisha wageni wanaoshuka kwa ndege wapandishwa humo kwa malipo yaliyokwisha kufanywa Ulaya. Hapo kijana wa Nungwi au wa Kilindoni mwenye boti ya injini mbili, aliyelipa leseni, aliyenunua majaketi ya kuokolea na kukaguliwa, ameshindanishwa na mtu asiyelipa chochote. Chombo kikichukua fedha ni chombo cha biashara, hata kama kina piano ndani, na mabaharia wake ni wafanyakazi wenye haki zote za mkataba wa Geneva. Tena hatuoni kwa nini sharti la kwanza la leseni ya kukodisha yoti katika maji yetu lisiwe kuajiri vijana waliohitimu Chuo cha Bahari hapa Dar es Salaam, si kwa kufua mashuka tu, bali darajani na katika chumba cha mitambo. Ndugu zetu wa jahazi nao wasiachwe. Kama Geneva imewaacha nje, Bunge letu halikuzuiwa na mtu kuwaandikia sheria ya mshahara, ya redio na ya fidia wafapo kazini.

Juu ya daftari twasema wazi. Yoti za kigeni huleta ada nyepesi, na watakuwapo watu wenye kalamu nzuri watakaoishauri Serikali ifungue mlango huo, kwa sababu Cayman hufanya hivyo na haikufa. Cayman ina wakaguzi na ina mahakama zilizozoea mashauri hayo. Siku shauri hilo litakapoletwa mbele ya wawakilishi wetu, wa Bara na wa Visiwani, waombe kuliona daftari lenyewe kabla ya kusikiliza hotuba: mahali palipoandikwa jina la mtu mwenye chombo, si jina la kampuni yake; mahali palipoandikwa jina la mkaguzi wetu aliyekipanda, bandari aliyokipandia, na tarehe. Na ikiwa daftari hilo latunzwa ng'ambo, katika meza ya wakala, lirudishwe kwanza Unguja.